JERAHA LISILOTOKA DAMU

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wazee waliitunga methali hiyo kabla ya kuwapo malori, viwanja vya mpira vya maelfu ya watu na mahakama za kudai fidia. Hata hivyo, ndani yake limo swali lililowahangaisha majaji wa Uingereza kwa zaidi ya miaka mia moja. Mtu ambaye ajali haikumgusa mwilini, lakini ameona kwa macho yake mwanawe au mumewe akiangamia, hata akili yake ikavurugika, je, naye ni majeruhi? Na kama ni majeruhi, nani amlipe?

Swali hilo linawahusu askari wa jeshi na wa polisi kuliko watu wengine wengi. Panapotokea maafa, wao huitwa mapema na huondoka wa mwisho. Ndio wanaomzuia mama asiikimbilie maiti, na ndio wanaoandika yaliyotokea.

Hapo zamani sheria ya Kiingereza ilikuwa ngumu kama jiwe. Mwaka 1888, baraza la London lililosikiliza rufani za makoloni lilimnyima fidia mwanamke wa Australia aliyenusurika kugongwa na treni, kwa kuwa hofu peke yake, pasipo pigo la mwili, haikuhesabiwa kuwa madhara ya kulipwa. Mwaka 1925 jiwe hilo lilipata ufa. Lori lililoachwa bila dereva juu ya mteremko, injini ikinguruma, lilishuka mbio kuelekea kona ambako mama mmoja alikuwa ametoka kuwaacha wanawe. Mama huyo alishtuka mno kwa ajili yao, akaugua na kufariki. Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hofu ya mzazi kwa wanawe yaweza kuwa msingi wa madai.

Hatua kubwa zaidi ilifuata baadaye. Tarehe 19 Oktoba, 1973, mumewe na watoto wa mama mmoja walipata ajali ya gari, maili mbili hivi kutoka nyumbani. Mama hakuwapo. Aliletewa habari, akapelekwa hospitali, na katika muda wa saa mbili hivi tangu ajali aliwakuta jamaa zake wametapakaa matope na mafuta ya gari, hawajaoshwa, wakilia kwa maumivu. Binti yake mdogo alikuwa amekwisha kufa. Mwaka 1982 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, liliamua kwamba mama huyo alistahili fidia, kwani aliyoyakuta hospitalini yalikuwa sehemu ya ajali yenyewe. Miaka miwili baadaye, Mahakama Kuu ya Australia ilikubali madai ya mke wa polisi wa pikipiki. Mama huyo hakuiona ajali ya mumewe, bali alimkuta hospitalini akiwa mahututi.

Ndipo yakaja maafa ya Hillsborough. Tarehe 15 Aprili, 1989, katika mechi ya nusu fainali mjini Sheffield, mashabiki walisongamana kizimbani hata wakakosa pumzi. Watu 97 walipoteza maisha kwa ajili ya siku hiyo, na wa mwisho wao alifariki mwaka 2021. Jamaa za wafu walidai fidia kwa kuvurugika akili. Mwezi wa Novemba, 1991, Baraza la Malodi lilikataa madai yote kumi yaliyokuwa mbele yake, likaweka masharti. Mdai lazima awe na ugonjwa wa akili unaotambuliwa na madaktari, si huzuni ya kawaida. Lazima awe na mapenzi ya karibu na aliyeumia, na awe mahali pa ajali au afike mara tu baada yake. Tena lazima aone au asikie mwenyewe, si kwa kuambiwa wala kwa kutazama televisheni.

Masharti hayo yalikuwa na makali. Mtu mmoja aliyekuwa uwanjani alifiwa na ndugu zake wawili, akashindwa kwa sababu hapakuwa na ushahidi wa jinsi walivyopendana. Mwingine aliutambua mwili wa shemeji yake katika chumba cha maiti baada ya muda wa saa nane hivi. Majaji walisema muda umepita mno. Mama wa mwaka 1973 alifika ndani ya saa mbili, akapata. Huyu alifika ndani ya saa nane, akakosa.

Askari polisi nao walidai. Walikuwa wamewabeba wafu na kujaribu kuwarudishia pumzi walio hoi, kisha akili zao zikadhurika. Mahakama ya Rufani iliwaunga mkono wengi wao mwaka 1996, lakini Desemba 1998 Baraza la Malodi lilitengua hukumu hiyo. Maisha yao wenyewe hayakuwa hatarini, na kuajiriwa katika polisi hakukuwapa haki zaidi ya wengine. Isitoshe, isingekuwa haki askari alipwe na baba aliyefiwa anyimwe.

Mlango umezidi kuwa mwembamba. Mwezi wa Januari, 2024, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikataa, kwa majaji sita dhidi ya mmoja, madai ya mabinti wawili waliomwona baba yao akianguka na kufa. Walidai kwamba hospitali ilizembea kuugundua ugonjwa wake mapema. Majaji walisema huo ulikuwa ugonjwa, si ajali.

Mambo hayo ya Uingereza si hadithi za mbali tu. Mahakama za Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi sheria ya Kiingereza wakati wa ukoloni. Hukumu za London hazizifungi leo, lakini mawakili huzitaja na majaji huzipima.

Fundisho kwa askari ni la namna mbili. La kwanza ni daftari. Ikiwa haki ya mjane yaweza kutegemea tofauti ya saa mbili na saa nane, basi askari anayeandika saa ya ajali, majina ya jamaa waliokuwapo, na saa waliyofika waliokuja baadaye, anatunza haki ya mtu asiyeweza kujisemea siku hiyo. Askari anayeandika "jamaa walifika" na kufunga daftari, huenda amemfungia mtu mlango bila kujua.

La pili ni juu ya askari mwenyewe. Hukumu ya mwaka 1998 haikusema kwamba hawakuumia. Ilisema kwamba mahakama si mahali pa kulipwa kwa jeraha hilo. Basi hapana budi liangaliwe mahali pengine: kwa kamanda anayeuliza hali ya vijana wake baada ya kazi ya maiti, kwa daktari wa kikosi, na kwa mwenzi anayetambua kwamba mwenzake halali usiku. Mguu ukivunjika, hakuna anayemwita askari mwoga. Akili iliyovunjika kazini nayo yastahili heshima ile ile.