Pauni 175 za Kuhama Benki

Msikilizaji, huko Uingereza benki humlipa mtu kwa kuhama. Ukifunga akaunti yako ya benki moja ukaipeleka kwenye nyingine, ile uliyohamia inakuwekea fedha: pauni 100, mara 150, mara 175, na kuna nyakati zimefika 200. Si bahati nasibu wala si mkopo. Ndugu zetu wanaoishi kule wameshaizoea biashara hii, na wapo wanaohama kila ofa mpya inapotangazwa, leo benki hii, mwakani ile. Wenzao huwacheka kwamba hiyo ni njaa. Mimi siwacheki. Nataka tuulize fedha hizo zinatoka mfuko gani, halafu tuulize kwa nini hapa kwetu hakuna anayekuwekea hata shilingi elfu kumi kwa kazi hiyohiyo.

Septemba 2013 benki za Uingereza zilianzisha huduma ya pamoja ya kuhamisha akaunti. Unaomba kwenye benki mpya, unachagua siku, na ndani ya siku 7 za kazi vimehamia vyote: mshahara, pango, bili ya umeme, kodi ya halmashauri. Mwajiri akisahau akatuma mshahara kwenye akaunti ya zamani, unaelekezwa wenyewe kwenye mpya, na uelekezaji huo unadumu miaka 3. Uhamisho ukikwama ukatozwa riba au faini kwa sababu hiyo, benki mpya inakurudishia. Tangu huduma ianze, akaunti zaidi ya milioni 10 zimehamishwa.

Benki hazikufanya hivyo kwa hisani. Baada ya mtikisiko wa 2008, ambapo serikali ililazimika kuzinusuru benki kubwa kwa fedha za walipa kodi, iliundwa tume chini ya mchumi John Vickers. Ripoti yake ya 2011 ilitaka, pamoja na mengine mazito zaidi, kuhama benki kuwe rahisi, maana ushindani hauna maana ikiwa mteja anaogopa kuondoka. Na hata baada ya njia kufunguliwa, mamlaka ya ushindani ilikuta mwaka 2016 kwamba wateja binafsi wanaohama kwa mwaka ni kama asilimia 3 tu.

Fedha ya zawadi inatoka kwa wale wengine 97.

Chukua mteja ambaye akaunti yake ya kila siku haipungui pauni 2,000. Akaunti nyingi za aina hiyo hazimpi riba hata peni moja. Agosti 2023 riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilifika asilimia 5.25, na benki ya biashara ikilaza fedha zake Benki Kuu inalipwa riba hiyo. Asilimia 5.25 ya pauni 2,000 ni pauni 105 kwa mwaka. Toa gharama za kadi, matawi na mitambo, bado unaona kwamba pauni 175 za kumvuta mgeni si hasara ya kumkosesha meneja usingizi. Riba ilianza kushushwa Agosti 2024, faida ikapungua, lakini hesabu ni ileile. Benki inajua pia kwamba aliyekuja leo, kwa kasi ya hiyo asilimia 3, huenda bado yupo miaka kumi ijayo, na katikati hapo atachukua ovadrafti, kadi ya mkopo, pengine na mkopo wa nyumba.

Yule mzee aliyefungua akaunti akiwa kijana, asiyewahi kuchelewesha bili, hapewi kitu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwa benki, mteja asiyehama ameshasifu vya kutosha. Ndiyo maana nasema anayehama kwa ajili ya pauni 175 hajamwibia mtu.

Masharti yapo, na wajanja wanayajua kwa moyo. Mara nyingi unatakiwa uingize kiasi fulani, tuseme pauni 1,500, ndani ya mwezi mmoja au miwili. Uwe na bili mbili zinazokatwa zenyewe kwenye akaunti. Na uwe hujawahi kupokea zawadi ya benki hiyo. Hizo 1,500 huingia asubuhi zikatoka jioni. Wengine hufungua akaunti ya pili, ya kuhamahama nayo tu, wakaifungia mchango wa pauni chache kwa shirika la misaada ili sharti la bili litimie, na akaunti yao kuu isiguswe. Benki zinaliona hilo, na ofa bado zinatoka.

Kuna mambo mawili au matatu ambayo tangazo huyataja kwa herufi ndogo. Huduma ya uhamisho haibebi malipo yaliyofungwa kwenye namba ya kadi. Mfikirie muuguzi wa Leicester anayetuma fedha Tanga kila mwisho wa mwezi kwa programu ya simu. Akaunti imehama tarehe 27. Tarehe 28 anabonyeza kutuma ada ya mdogo wake, programu inakataa kwa sababu kadi iliyohifadhiwa humo imekufa jana yake. Anaingiza mpya, programu inaomba uhakiki, na huku Tanga mhasibu wa shule hataki hadithi. Pia akaunti ikifungwa, kuzipata taarifa zake za zamani kunaweza kuwa usumbufu, na anayetaka kumwita mwenza wake kwa viza kwa kawaida hudaiwa taarifa za miezi 6 zinazoonyesha mshahara ukiingia. Pakua zote kabla ya kuhama. Na kwa kuwa benki mpya inaweza kupekua rekodi yako ya mikopo, upekuzi wa mara kadhaa mfululizo unaweza kukushusha machoni pa mkopeshaji. Kama mwaka huu unaomba mkopo wa nyumba, achana na pauni 175.

Marekani nako zawadi hizi zipo, kwa dola, ila kule hodi ya pili hupigwa na mtoza kodi: zawadi ya kufungua akaunti huhesabiwa kuwa riba, nayo hutozwa kodi ya mapato.

Sasa turudi nyumbani. Kwenye simu tulishaweza. Kenya tangu 2011 na Tanzania tangu 2017, mtu anahama mtandao na namba yake ileile. Lakini benki? Akaunti haihamishiki, unafungua nyingine, kisha unazunguka mwenyewe na barua: kwa mwajiri, kwa chama cha akiba na mikopo, kwa kila aliyekuwa akikulipa.

Ofa ya kuhama tunayo, ila imevaa vazi lingine. Afisa wa benki anaingia ofisi ya walimu wakati wa chai, anasema: "Lete hati ya mshahara, tunanunua deni lako." Mwalimu alikuwa amebakiza miaka 2. Benki mpya inamaliza deni lile, inamfungulia jipya la miaka 6, na juu yake anaondoka na milioni mbili mkononi. Anafurahi, na simlaumu, milioni mbili ni milioni mbili. Sababu ya ofa kuja kwa sura hiyo iko kwenye makato. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakataza makato kuzidi theluthi mbili ya mshahara, na watumishi wa Tanzania wanaijua vizuri ile theluthi moja ambayo lazima ibaki. Mshahara ukishajaa makato, nafasi ya kukopa tena hupatikana kwa kurefusha miaka, na kila kurefusha kuna ada ya mkopo, bima, na riba inayoanza upya kuhesabiwa kwenye deni kubwa. Wa Leicester amelipwa kuhama. Wa kwetu amekopeshwa ili ahame, na zawadi atairudisha yeye mwenyewe kwa miaka 6.

Hukumu yangu ni kwamba tatizo halipo kwa mwalimu wala kwa afisa yule, ambaye ana lengo la mwezi la kutimiza. Lipo kwenye mlango uliofungwa. Benki Kuu ya Tanzania na Benki Kuu ya Kenya zinaweza kuweka kanuni: barua ya salio la mkopo itolewe ndani ya siku zinazojulikana, mshahara uelekezwe wenyewe kwenye akaunti mpya, na gharama ya uhamisho ibebwe na benki inayompokea mteja. Uingereza nayo ilibanwa na tume ndipo ikafanya.

Hadi hapo, wewe uliye kwenye ofisi ya walimu, au wodini, au kambini, afisa akija na fomu usimuulize utapata shilingi ngapi mkononi. Muulize jumla utakayokuwa umelipa hadi siku ya mwisho ya mkopo ni shilingi ngapi, na aiandike kwenye karatasi kabla hujasaini.