Tusipumue Wote kwa Mara Moja

Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Sherehe ya Yubilei ya Miaka 25



Mwenyekiti amekwisha kueleza jinsi kwaya hii ilivyoanza hapa Nakuru mwaka 2000, mwaka wa Yubilei Kuu, watu kumi na mmoja bila kinanda. Mweka hazina naye atasoma hesabu. Sisi wa ofisi ya katibu tumepewa dakika kumi tueleze jambo ambalo wageni hutuuliza kila mara: ile Tafakari ya Siku ni nini, na kwa nini hatuanzi mazoezi kabla haijasomwa?

Ili tujibu kwa ukweli, inatubidi kwanza tukiri kosa. Mwenyewe tuliyemkosea ametupa ruhusa tulisimulie, bila jina lake.

Mwaka 2018 kaka mmoja wa tenor alikosa mazoezi Jumamosi sita mfululizo. Katiba yetu ya wakati huo ilisema anayekosa bila taarifa hutozwa shilingi 50, na akizidisha mara tatu huandikiwa barua. Tukaiandika. Ilikuwa barua nzuri, yenye kumbukumbu namba, muhuri na Kiswahili kilichonyooka. Tulitaja kifungu cha katiba na tukampa siku kumi na nne ajieleze. Kabla siku hizo hazijaisha, mtoto wake wa darasa la sita alileta mfuko sakristia. Ndani mlikuwa na sare yake, imefuliwa na kupigwa pasi, na mfukoni mwa shati shilingi 300. Faini ya Jumamosi sita, kamili. Tuliandika risiti, tukaikunja sare, tukaiweka kabatini, tukaendelea na mazoezi ya Pasaka.

Wiki chache baadaye tuliitwa kuimba Misa ya mazishi. Tulifika, tukapanga mstari, tukafungua vitabu. Mwalimu wa kwaya alipoinua mkono ndipo tukamwona mfiwa ameketi mbele, na mtoto yule yule aliyeleta mfuko amemwegemea begani. Marehemu alikuwa mkewe. Zile Jumamosi sita alikuwa hospitalini, akimwuguza.

Tuliimba. Hatujui tuliimbaje. Wengi wetu tulijua majina ya watoto wake na duka analonunua unga, na bado hakuna hata mmoja aliyempigia simu katika wiki hizo sita. Daftari la mahudhurio lilionyesha wazi kwamba hayupo. Sisi tulilitumia kuhesabu faini.

Jioni ile tulikutana bila ajenda. Mama mmoja wa alto, ambaye si mzungumzaji, alisema kwamba kila juma tunajiuliza nani hayupo, lakini hatuulizani tuliopo tumeamkaje. Hapo ndipo Tafakari ya Siku ilipozaliwa. Tulinunua daftari la kurasa mia mbili na kuweka masharti manne. Kila mtu ana zamu yake, awe mzee au kijana. Isizidi mistari kumi. Uandike yaliyo yako, si mahubiri wala ujumbe uliotumiwa na wengine. Na ukimaliza kusoma, hakuna anayekujibu papo hapo kwa ushauri. Tunanyamaza kidogo, kisha tunaimba.

Mwanzoni ilikuwa ya Jumamosi tu. Iligeuka kuwa ya kila siku mwaka 2020. Mnakumbuka, mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi, na kabla mwezi haujaisha makanisa yalikuwa yamefungwa. Ibada ziliporuhusiwa tena Julai, ilikuwa watu wasiozidi mia moja, kwa saa moja, na waliozidi miaka 58 pamoja na watoto chini ya 13 wabaki nyumbani. Kwaya yetu ikakatwa pande zote mbili. Basi kila asubuhi, saa kumi na mbili, mwenye zamu alituma tafakari yake kwenye kundi letu la simu, na asiyekuwa na fedha za intaneti alisomewa na jirani kupitia simu ya kawaida.

Tukiyafungua madaftari ya tangu wakati ule, tunakuta mambo matatu yakirudi tena na tena.

La kwanza ni ustahimilivu. Zamani tulidhani mstahimilivu ni yule asiyeonyesha anapoumia. Tafakari zilitusahihisha. Mwenzetu mmoja anayefundisha shule ya binafsi aliandika kwamba shule ilipofungwa mshahara ulikoma, naye akaanza kuuza mayai ya kuchemsha kando ya barabara, akiinamisha kofia ili wazazi wa wanafunzi wasimtambue. Siku ya kwanza aliuza matatu. Mzee wetu mmoja wa besi, aliyezuiwa kuja kanisani kwa sababu ya umri, alieleza kwamba kila Jumapili alivaa sare kamili, akakaa karibu na redio, akaimba sauti ya nne peke yake mpaka mjukuu akamwuliza babu anaimba na nani.

Wanakwaya mnajua siri ya noti ndefu. Mwalimu anapotushikisha sauti moja kwa mapigo kumi na mawili, hakuna kifua hapa cha kuifikisha mwisho. Tunachofanya ni kupokezana. Huyu anapunguza sauti, anavuta pumzi polepole, anarudi, na wakati huo jirani yake ameishika. Aliye kwenye viti husikia sauti moja isiyokatika. Ikitokea tupumue wote kwa mara moja, wimbo unakatika papo hapo. Kwa hiyo tukiulizwa tulistahimili vipi, jibu letu ni hilo. Kila mmoja wetu alikatika wakati fulani, lakini hatukukatika siku moja. Aliyeuza mayai alinunuliwa trei mbili na wenzake wa tenor. Trei hizo zilimfikisha Jumatatu, na Jumatatu yeye akamshika mwingine.

La pili ni utambulisho. Zamu ilipomfikia mama mmoja aliyekuwa katibu kabla yetu, alituomba tufungue daftari la mahudhurio la mwaka 2008. Vijana walilitazama wakashangaa. Kurasa zote za mwaka ule zina majina ya ubatizo pekee. Wapo akina Maria wanne, mmoja ameandikwa "Maria mrefu", mwingine "Maria wa kinanda".

Wengine hapa hamkuwa mmezaliwa. Baada ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 kutangazwa, nchi iliwaka, na mwishoni mwa Januari 2008 moto huo ukafika Nakuru. Kafyu iliwekwa. Maelfu ya watu walilala kwenye uwanja wa maonyesho. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi tarehe 28 Februari, na mwezi wa Machi kwaya ilijaribu kukutana tena. Walikuja watu tisa. Katibu alipofungua daftari kuita majina, alisita. Ndani ya majina yale mlikuwa na Wakikuyu, Waluo, Wakalenjin, Waluhya, Wakisii na Wakamba, na katika wiki zile jina la baba lilitosha kumponza mtu. Basi akaita la ubatizo tu. Kila mmoja akaitika.

Aliandika kwenye tafakari yake kwamba kwa miaka mingi alijivunia uamuzi ule, kwa kuwa uliwakalisha watu kwenye benchi moja. Lakini pia ulimhuzunisha, kwa kuwa ilibidi mtu aache nusu ya jina lake mlangoni ndipo apate kuketi. Majina kamili yalirudi daftarini mwaka 2010, baada ya kura ya maoni ya katiba. Alisema siku ile alipoyaita yote mawili mawili, baadhi ya watu walilia.

Ndiyo maana leo mnasikia matoleo yakipelekwa kwa Kikuyu, komunyo kwa Dholuo, shukrani kwa Kikalenjin, na wote tunaimba, hata anayejikwaa matamshi. Wapo wanaodhani ni mapambo ya sherehe. Kwetu sisi ni ahadi. Hatutaki amani ambayo mtu hupewa kwa sharti la kuficha jina la baba yake. Na kwa kuwa uchaguzi hauishi kuja, na maneno ya mitaani huanza mapema, tunawaomba vijana wetu: siku mkisikia mwenzenu anaogopa kuitwa jina lake lote, jueni ndiyo siku ya kukaa karibu naye.

La tatu ni upendo, na hapa tutakuwa wafupi, maana umeimbwa sana. Katika madaftari yetu neno hilo halitokei mara nyingi. Yanayotokea ni mambo madogo: mtu fulani alinisindikiza hadi stendi, mtu fulani aliniachia nafasi karibu na dirisha kwa sababu ya pumu, mtu fulani alinipigia akaniuliza kama nimekula. Kwa mtindo huo tumejifunza kwamba anayependa huona mapema. Akiona nafasi wazi kwenye mstari wa alto, huuliza kabla ya kukasirika.

Ndugu wapendwa, Kitabu cha Walawi, sura ya 25, kinaagiza kwamba katika mwaka wa hamsini tarumbeta ipigwe, walio utumwani waachiliwe, na kila mtu arudi kwenye urithi wake. Sisi tumefika nusu ya njia, lakini tumeona si vyema kukata keki bila kuachilia kitu. Mkutano mkuu wa kwaya umekubaliana hivi. Kuanzia leo kitabu cha faini kimefungwa. Wote wanaodaiwa wamesamehewa. Anayekosa mazoezi mara mbili atatembelewa nyumbani na watu wawili wa sauti yake, na hawatakwenda na barua.

Na zile shilingi 300 tumemrudishia mwenyewe juma lililopita, tukamwomba msamaha ana kwa ana. Alizipokea. Alitusamehe, akatuambia pia kwamba bado haoni kama anaweza kusimama tena mahali pale alipotuona siku ile. Tunamwelewa. Huketi benchi la tatu upande wa kushoto, na tunapofika kwenye noti ndefu tunamsikia akiishika tenor kutoka hapo alipo. Sare yake iko kabatini. Hufuliwa pamoja na zetu kila msimu, na haijapewa mtu mwingine.

Tunamshukuru Mungu kwa miaka 25. Tunawashukuru waanzilishi, wakiwemo waliotutangulia mbele ya haki, Bwana awapumzishe kwa amani. Asante Baba Paroko kwa kutuvumilia hata tunaporefusha nyimbo za matoleo.

Zamu ya kesho kwenye daftari ni ya kijana wa miaka kumi na saba. Ametuomba tumwachie mistari kumi na mmoja. Tumekataa, lakini tutamsikiliza.