Mtoto Asiyesemeshwa: Mitazamo ya Walimu kwa Madarasa ya Makabila Mengi Katika Ukanda wa Chai

Mada kwa semina ya walimu wakuu na walimu wa gredi za chini, Kericho na Bomet



Nimeombwa nianze kwa kufafanua ukabila, ubaguzi na utangamano. Nitapita haraka, kwa kuwa hakuna hapa asiyeyajua. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi wa kabila na wa lugha. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Tuna Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Sheria tunazo za kutosha.

Mahali petu pia mnapafahamu. Tangu miaka ya 1920 mashamba makubwa ya chai yamewavuta wachumaji kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi. Kwa hiyo shule iliyo kando ya shamba la kampuni inapokea watoto wa Wakipsigis kutoka vijijini, na watoto wa kambi za wafanyakazi wa chai, ambao wazazi wao ni Wakisii, Wajaluo au Waluhya. Wote wanakaa darasa moja, mara nyingi watatu kwa dawati.

Sasa nije kwa jambo lililonileta. Mwalimu ukimuuliza anawachukuliaje watoto hawa, atakujibu kwamba kwake wote ni sawa, na mimi humwamini. Lakini hebu tuingie gredi ya 2, somo la Hisabati. Ubaoni pameandikwa: gawanya ndizi 12 kwa watoto 3. Mwalimu ameeleza kwa Kiswahili na darasa limenyamaza. Anageukia Kikipsigis. Papo hapo nyuso zinachangamka, mikono inainuka, watoto wanacheka. Dawati la nyuma, msichana wa Kikisii anachungulia daftari la jirani, anaandika 4, anaifuta, anaiandika tena. Mwalimu anapita na kalamu nyekundu, anamtilia vema. Muhula unapoisha, fomu ya ripoti ya mtoto huyo inasema: “Mzito kuelewa. Aongeze bidii.”

Aongeze bidii ya nini? Hajaelezwa somo! Nimeyasema haya katika vikao vingi, na kila mara najibiwa kwamba sera inaruhusu lugha ya eneo. Ni kweli, inaruhusu. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha inayotawala katika eneo la shule itumike kufundishia madarasa matatu ya kwanza, na mtaala wa umilisi unafuata mkondo huohuo. Lakini eneo la shule ni pale wanafunzi wake wanapotoka. Ikiwa nusu yao wanatoka kambini, lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Kikisii na Kiswahili ni lugha za Kibantu; mtoto wa Kikisii ana pa kushikia katika Kiswahili, katika Kikipsigis hana. Hata Mjaluo, ambaye lugha yake ni ya Kiniloti kama yetu, haambulii kitu. Nasema haya nikiwa Mkipsigis ninayeipenda lugha yangu na ninayetaka ifundishwe vizuri kama somo.

Kuna mtazamo mwingine unaosemwa kwa sauti ya chini: watoto wa kambi ni wapita njia. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 familia nyingi zilikimbia mashamba, na baadhi ya walimu wasio wenyeji wakaomba uhamisho. Siku hizi mashine za kuchuma chai zimepunguza ajira, hata zikachomwa na waandamanaji hapa Kericho Mei 2023. Mzazi akipoteza kibarua, mtoto hutoweka katikati ya muhula. Naelewa kwa nini mwalimu huchoka kuanza upya. Hata hivyo, mtoto aliye darasani leo ni mwanafunzi wetu leo.

Upande wa walimu, mwaka 2018 Tume ya Huduma za Walimu (TSC) iliwapeleka wengi mbali na kwao, na baada ya Bunge kuingilia mwaka 2022 wengi walianza kurudishwa. Familia zilikuwa zimeumia, na sipingi kurudi kwao. Ila vyumba vya walimu vimerudi kuwa vya lugha moja, na mwalimu wa Kiluhya aliyebaki hunywa chai yake ya saa nne akisikiliza mazungumzo asiyoyaelewa. Maoni haya ni yangu, si msimamo wa ofisi ninayoitumikia.

Napendekeza yafuatayo. Kila mwalimu mkuu ahesabu lugha za nyumbani za watoto wa gredi ya 1 hadi ya 3 muhula unapofunguliwa, na kamati ya shule iamue lugha ya kufundishia kwa hesabu hiyo, si kwa mazoea. Palipo na mchanganyiko, maelezo yatolewe kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kirahisishwe kwa vitu vya kushika: mawe, majani ya chai, vifuniko vya chupa. Mwalimu akilazimika kutumia Kikipsigis, arudie jambo lilelile kwa Kiswahili kabla ya kufuta ubao. Watoto wa kambi wasirundikwe nyuma. Mikutano ya walimu, na maongezi ya chai pia, yawe kwa lugha ya wote. TSC iangalie uwiano wa walimu katika shule za mashambani bila kurudia makosa ya 2018. Vyuo vya ualimu viwape wanafunzi wao mazoezi ya kufundisha darasa la lugha tatu au nne. Maafisa wa kanda wanapokagua somo wakae dawati la nyuma, waangalie daftari la mtoto asiye mwenyeji. Narudia la lugha, kwa kuwa ndilo linalopuuzwa zaidi: Kiswahili, palipo na mchanganyiko.

La mwisho linahusu fomu ya ripoti. Mwalimu asiandike kwamba mtoto ni mzito kabla ya kujaza, juu ya maoni yake, lugha ambayo mtoto huyo alielezwa somo. Nafasi ya kuandika ipo, haihitaji waraka mpya wala bajeti. Naomba tuanze muhula ujao, na gredi ya 1.