Mpiga Fidla na Chama Chake



Wengi wetu hapa Nakuru twaijua orutu ya Wajaluo na wandindi ya Wakikuyu, zeze za uzi mmoja. Leo twapenda kuwaeleza habari za fidla, yenye nyuzi nne, ipigwayo katika vyama vya taarabu vya Unguja: Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, cha mwaka 1958. Wapigaji wengi huchuma riziki kwa kazi nyingine, kisha jioni hukutana kujizoeza.

Mpiga fidla wa miaka mingi hasifiwi kama mwimbaji. Shingo ya fidla haina alama ya kumwonyesha pa kuweka kidole. Sikio ndilo limwongozalo. Na kwa kuwa hupiga sauti moja na wenzake, akikosea yeye wimbo huharibika. Kwa hiyo huja mazoezini hata siku isiyo na arusi.

Je, sisi? Penye matanga twajaa, lakini katika mkutano wa kawaida viti hukaa vitupu, na vijana hawaoni wa kuwafundisha kazi ya chama. Tukiondoka, nani ataushika upinde? Ndugu zetu, tuje hata siku isiyo na msiba, na kila mzee aje na kijana mmoja.