Law School ije Kigoma

Haya ndiyo niliyozungumza kwenye kikao cha vijana wa chama, Kasulu.

 

Nina jambo moja tu. Kuna dada mmoja hapahapa mjini, wengi mnamfahamu, simtaji. Ana shahada ya sheria. Amekubaliwa Law School mara mbili, na mara zote mbili hakwenda. Leo yuko stationery, anawachapia watu barua. Mtu akimwomba amwandikie mkataba wa shamba kwa malipo anakataa, maana sheria haimruhusu asiye wakili. Basi yule mtu anaenda kwa kishoka pale stendi, na mwakani tunakutana naye kwenye baraza la ardhi analia.

Kwa wasiojua: ukimaliza chuo kikuu hujawa wakili. Lazima upite Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, ndiyo hiyo Law School, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Ada ni jambo moja. Jingine ni chumba: mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kabla hujaingiza godoro. Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha wanafunzi wa Law School, tuwe wakweli, siyo kila kitu tupinge. Ila dada yetu ana mama mgonjwa ndani, na mkopo hausogezi Dar karibu.

Mwaka 2022 matokeo yalipotoka, kati ya watahiniwa 633 walifaulu 26 tu. Serikali ikaunda kamati ya Dk. Harrison Mwakyembe. Sisi tukacheka mtandaoni, na mimi nilicheka. Tukabishana nani kafeli, mwanafunzi au chuo. Sikusikia mtu akiuliza habari za wale ambao hata chumba cha mtihani hawakukiona.

Kwa nini Kigoma? Kwa sababu hapa Mha akienda kuomba kitambulisho cha NIDA anaulizwa babu yake kazikwa wapi. Mtu kazaliwa Heru Juu, anaambiwa Mrundi. Hiyo ni kesi ya uraia, siyo ya kumalizwa kwa soda ya afisa. Tuna migogoro ya mashamba na hifadhi, tuna kambi ya Nyarugusu. Bibi anayejieleza kwa Kiha anahitaji wakili anayemsikia bila mkalimani.

Watasema haiwezekani. Mbona MUHAS wanaleta kampasi Kigoma, SUA wako Mpimbwe kule Katavi, MUST wanakwenda Rukwa? Daktari afundishwe hapa, wakili ashindikane? Mahakama Kuu imeshashuka Kigoma, watu hawapandi tena treni kufuata jaji Tabora. Watumishi wa mahakama wanafundishwa Lushoto, milimani, na hakuna aliyekufa. Waganda nao chuo chao cha mawakili hawakukiacha Kampala peke yake, wamekipeleka Mbarara na Lira.

Ugumu wa kweli ni walimu, hapo sitawadanganya. Mawakili wazoefu wamejazana Dar. Lakini darasa la kwanza linaweza kuanza dogo, likafundishwa na majaji, mahakimu na mawakili wa Serikali waliopo kanda hii, na mtihani uwe uleule wa nchi nzima. Sitaki mtihani mwepesi wa watu wa Kigoma.

Ombi langu ni kwa chama chetu, siyo kwa CCM. Kwenye ilani huwa tunaandika “tutaboresha elimu ya juu”, basi. Hata wao wanaandika hivyo! Katibu, naomba kwenye maazimio ya leo uandike: kampasi ya Law School, Kigoma, na bajeti ya kuanzia. Madiwani wetu waanze kuulizia kiwanja halmashauri, kwa barua.

Dada wa stationery kasema barua hiyo ataichapa bure.