Njia ya Madukani pa Ipole na Haki ya Mwenda kwa Miguu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, nayo yamepigwa chapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Tumetakiwa na Halmashauri ya Chama tuseme machache juu ya njia ipitayo mbele ya maduka pale Ipole. Huenda wengine watasema ya kwamba shauri la njia ni la mainjinia, wala si la makarani, waalimu na wauguzi. Sisi hatuoni hivyo. Njia hiyo twaivuka kila siku, nao watoto wetu huivuka kwenda shule, na ajali ikitokea, sisi ndio tuandikao habari zake katika vitabu vya zahanati na vya polisi. Kwa hiyo yatupasa kusema kabla ya kuandika.

Kwanza tukumbuke asili. Katika nchi yetu ya Unyamwezi njia zilianzishwa kwa miguu. Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora, mwaka 1857, walifika katika njia ambayo wapagazi walikwisha kuikanyaga siku nyingi, kila mtu na mzigo wa frasila karibu mbili begani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na baadaye zikaja motokaa. Basi mwenda kwa miguu ndiye mwenyeji wa njia, na gari ni mgeni. Lakini siku hizi mgeni amekaa kitini, na mwenyeji amesukumwa mtaroni.

Ninyi mwajua jinsi Ipole ilivyokaa. Njia itokayo Tabora kwa Sikonge hugawanyika pale: moja yaenda Rungwa hata Mbeya, na ya pili yaenda Koga hata Mpanda. Mahali pa njia panda hapakosi watu. Basi husimama, abiria hushuka kununua asali na maji, waendesha bodaboda hukusanyika, na malori hupita. Kabla ya lami, mashimo na vumbi vilimlazimisha dereva kwenda taratibu. Lami ni neema kubwa, nasi twaishukuru. Mgonjwa hufika hospitali upesi, na mali ya mkulima haiozi njiani. Lakini lami imeondoa shimo, na pamoja na shimo imeondoa breki.

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu ndiyo kazi yetu. Gari liendalo kilometa 50 kwa saa, ndiyo mwisho wa mwendo ulioruhusiwa na sheria katika makao ya watu, hupita karibu meta 14 katika sekunde moja. Kwa kilometa 30 hupita meta 8 tu. Tena nguvu ya pigo haiongezeki sawasawa na mwendo, bali kwa mraba wake. Kwa hiyo pigo la kilometa 50 ni karibu mara tatu ya pigo la kilometa 30. Ndiyo sababu wajumbe wa mataifa waliokutana Stockholm mwezi wa Februari 2020 walishauri ya kwamba mahali ambapo watu wa miguu na magari huchanganyika, mwendo usizidi kilometa 30.

Wako watakaosema: Mkipunguza mwendo mtaharibu biashara. Haya, tuhesabu tena. Chukueni kipande cha njia cha kilometa moja. Kwa mwendo wa 50 gari hukipita kwa sekunde 72. Kwa mwendo wa 30, kwa sekunde 120. Tofauti ni sekunde 48. Ni mfanyabiashara gani atakayefilisika kwa sekunde 48? Bali dereva apitaye polepole huona asali mezani, naye husimama akanunua. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Na jina la Ipole lenyewe, ingawa asili yake si hiyo, lafaa kutukumbusha.

Wala hatusemi mambo ya ndotoni. Katika Dar es Salaam, shirika liitwalo Amend lilitengeneza njia za miguu, matuta na vivuko karibu na shule, na palipokuwa na haja, hata lango la shule lilihamishwa. Walipopima, waliona kuumia kwa watoto kumepungua kwa yapata robo. Na mwaka 2019 kazi hiyo ilipewa tuzo kubwa ya miji ya dunia. Mwaka huo huo Nairobi, katika Luthuli Avenue, nafasi ya magari ilipunguzwa na ya watu wa miguu ikapanuliwa.

Basi twaomba nini kwa Ipole? Kwanza, matuta yaliyopimwa vizuri, yenye rangi na alama kabla yake, maana tuta lisiloonekana usiku ni mtego. Pili, vivuko vyenye mistari pale watu wavukapo kweli, si pale ramani ipendapo. Tatu, njia ya miguu pande zote mbili, iliyoinuliwa, yenye upana wa meta mbili, ili mama mwenye ndoo kichwani na mwenzake mwenye mtoto mgongoni wapishane. Na mitaro ifunikwe mbele ya milango ya maduka, hata kipofu na mwenye kiti cha magurudumu wapite. Nne, kituo cha mabasi na cha bodaboda viwe kando. Tano, taa, na miti ya kivuli. Waliopita Tabora mjini wajua heshima ya mwembe wakati wa jua kali.

Liko neno moja zito, nalo hatutaki kulificha. Wenye maduka waogopa ya kwamba tukiita wakuu wa barabara, watakuja na rangi ya kuandika X. Hofu hiyo ina sababu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua eneo la barabara kuu kutoka meta 22.5 hata meta 30 kila upande, kuanzia katikati ya njia. Lakini fikirini: nafasi hiyo ni kubwa sana, na njia ya miguu ya meta mbili haihitaji kubomoa ukuta wa mtu. Mama wa asali na afanyiwe mahali pa meza yake kwa mstari, nyuma ya njia ya miguu. Asifukuzwe, kwa maana njia ya madukani isiyo na wauzaji ni njia tu. Ombi letu liseme wazi ya kwamba twataka kupangwa, hatutaki kuvunjwa.

Njia kuu iko chini ya TANROADS, na njia ndogo za kijiji ziko chini ya TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Kwa hiyo shauri lianze katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, lipite kwa Diwani na Halmashauri ya Wilaya, lifike Tabora likiwa na muhtasari na sahihi. Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Wanakijiji wana haja, sisi tuna kalamu. Tuwaandikie, wala tusiwasemee. Nasi tulio na pikipiki tuanze leo kupunguza mwendo mbele ya maduka, maana ombi la mtu avunjaye alitakalo halina uzito.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Twaomba mkutano huu uchague watu watatu, waungane na wenye maduka, waendesha bodaboda na waalimu, wapime njia kwa kamba, waandike ombi, walilete hapa kabla ya kupelekwa kijijini.

Hayo ndiyo machache tuliyo nayo.