Wakili Aliyefutwa Akataka Kurudi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Mmeniuliza mara nyingi: mtu aliyefutwa kazi, akitaka kurudishwa, ni lazima kwanza akiri kosa? Nitawapa habari za Bwana Alger Hiss, wakili wa Marekani.

Mwaka 1950 alitiwa hatiani kwa kusema uongo hali ameapa. Alikaa gerezani miezi 44. Mwaka 1952 jina lake likafutwa katika orodha ya mawakili wa Massachusetts. Alipofunguliwa, mtu huyu aliyekuwa mkubwa serikalini akawa mwuzaji wa karatasi za ofisini mjini New York. Kazi si aibu, lakini fikirini.

Miaka ikapita, akaomba arudishwe. Halmashauri ya kusimamia mawakili ikashauri akataliwe. Naye angali akishikilia kwamba hakutenda! Basi mwezi wa Agosti 1975 mahakama kuu ya jimbo ikakata hivi: hukumu ya zamani haiguswi, ina nguvu ile ile; lakini mtu anayeamini hana kosa asishurutishwe kutubu, maana akikiri ili apate kazi tu, kwake huo ndio uongo. Kinachopimwa ni tabia yake ya sasa. Akarudishwa, ana miaka 70.

Hiyo si sheria ya Kenya, ndugu zangu, msiende kumtajia meneja. Ila ukiitwa ofisini ukapewa karatasi ya kukiri, usitie sahihi kabla hujamwona katibu wa tawi.